Mlima Ndani ya Chaza

Siku hizi, mlima ukianza kumomonyokea baharini, watu wake huhamishwa kwa nguvu kabla haujaporomoka. Kazi ya Mghoi ilikuwa kupima magamba ya chaza, kwani chaza hujenga gamba lake kwa yaliyomo majini, na kila mlima huacha humo alama yake. Asubuhi hiyo gamba jipya lilionyesha mlima wa kwao, Taita. Alilipima tena, akawatumia wahamishaji majibu, kisha akampigia mama yake simu.

"Mama, fungasha. Wanakuja kesho."

"Na kaburi la baba yako?"

"Makaburi hayahamishwi, mama."

"Huyo aliyepima, mwanangu, hana kwao?"

"Simjui, mama," Mghoi akajibu.