Kiti Mbele ya Jaji

Tangu Jaji Lundgren achaguliwe kwa kura za wananchi mara ya kwanza, hakuna aliyekaa naye meza moja mgahawani. Kaunti yetu ni ndogo. Kila mtu ana kesi mbele yake, au ana ndugu mwenye kesi, na jaji hapaswi kuonekana akila na mwenye kesi.

Asubuhi baada ya uchaguzi, redio iliposema anaelekea kushindwa, rafiki yake wa shule alivuta kiti.

"Umerudi duniani, bwana! Samaki wa mtoni walishakusahau hata jina."

Jaji alicheka mpaka akafuta machozi. Akamsogezea nusu ya pai yake.

Redio ikasema tena: kura zilizotumwa kwa posta zimehesabiwa, Lundgren ameshinda.

Rafiki akainuka na kikombe chake.

"Hongera, Mheshimiwa. Tutaonana Jumatatu, kwenye ile kesi yangu ya mpaka wa shamba."

Kikombe kilikuwa kimeacha duara la kahawa mezani. Jaji alilifunika kwa kiganja, likiwa bado na joto.