Sijida ya Bayumi

Ulimwengu na usimame, maana Gharibu mwana wa Metwali, mchinjaji wa Kairo, anakwenda kumwaga damu ya kisasi! Alifika kwenye kona, akarudi mbio nyumbani. Alikuwa amesahau kisu.

Wiki iliyopita, machinjioni, Bayumi alimkata kaka yake Gharibu sikio akamrushia paka. Gharibu naye akamtwanga Bayumi usoni kwa paja la ng'ombe. Bayumi akagaagaa kwenye damu, akipiga kelele kwamba pazia jeusi linamshukia jichoni. Watu wakawaachanisha. Lakini sikio ni sikio, na leo lilidai shingo.

Aliupiga mlango wa Bayumi teke, ukang'oka na bawaba zake.

Bayumi alikuwa peke yake, amesujudu sakafuni, paji la uso limezama kwenye mto, jicho limefungwa bendeji. Jua la machweo lilimpiga utosini.

Gharibu akainua kisu, kisha mkono ukamgandia hewani. Mtu hachinjwi akiwa kwenye sijida. Hata machinjioni wanalijua hilo.

"Maliza sala utoe salamu tu, mbwa wewe," alifoka, "nikutenganishe na hicho kichwa!"

Anayesali hajibu.

Gharibu akangoja. Akaivunja birika kwa teke, akavunja kiti, akangoja tena. Sijida haikuisha. Bayumi huyu, ambaye hata Ijumaa alikuwa akikoroma mpaka adhuhuri ipite! Sasa mabega yalikuwa yakimtetemeka.

"Ni lile sikio unalolilia kwa Mola wako?"

Mabega yakatetemeka zaidi.

Kisu kikamponyoka Gharibu. Akapiga magoti, akambusu adui yake kisogoni. "Nimekusamehe, ndugu yangu. Wallahi, hapana damu tena kati yetu."

Ndipo Inshirahi, mke wa Bayumi, alipoingia na mkate na maharage ya ful, akauruka mlango uliolala chini.

"Baba Zeinabu, ole wako uinue kichwa! Daktari kasema ile gesi aliyokutia jichoni kuushikilia utando wa ndani ikihama tu, utando utabanduka tena, na jicho ndio basi!"

Gharibu akalitazama jua lililokuwa likizama mbele ya Bayumi. Kibla kilikuwa upande wa matakoni.

"Umeshaapa, Gharibu," sauti ya Bayumi ilitoka kwenye mto wa kulalia. "Basi na mimi nikiri: sijasali tangu nioe."