Umeme Unaopotea Usiku

Asubuhi nyingine tena pikapu ya Boyd ilikataa kuwaka, na samaki wake walikuwa wanaharibika ufukweni Nchelenge. Alimwita Fabien, fundi Mkongomani aliyevuka Ziwa Mweru mwaka 1998, vita vilipopamba moto.

Fabien aligusisha nyaya za mita kwenye batri. Ilikuwa imekwisha kabisa. Akaazima nyingine, wakawasha injini, mshale ukapanda hadi volti kumi na nne. Akamwambia Boyd awashe taa zote. Mshale haukushuka.

"Alternata iko muzima, Ba Boyd. Mukanda pia. Gari inajaza batri muzuri," alisema. "Kuko mutu anawashaka mataa usiku."

Boyd alimtazama Mpundu, mlinzi wake mzee wa usiku hapo ufukweni, aliyekuwa akifagia magamba ya samaki. Mpundu aliinamisha kichwa, akaendelea kufagia.

"Sina haja ya kuuliza," Boyd alisema. "Funga tu, asiwashe tena."

Fabien alikata waya wa taa kubwa, akaupitisha kwenye swichi ndogo aliyoificha nyuma ya kiti. Alifanya kazi akipiga mluzi. Alikuwa amepata chumba chenye mlango mzima; mkewe Régine na watoto wangemfuata siku yoyote kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa.

Kesho yake pikapu iliwaka mara moja. Boyd alimshika Fabien mkono, akapakia samaki, akaenda zake.

Mpundu alibaki amekaa mchangani, nguo zimelowa hadi kifuani.

"Ba Fabien, mataa ilikataa."

"Ni mimi nilifunga. Mulikuwa munaua batri, Ba Mpundu."

"Batu benu banavukaka usiku, basoda, baaskari ba mupaka, basibaone. Mimi nawaonyeshaka na mataa fasi ya kupita mu matete. Niliogopa kusema, Boyd angenifukuza." Mzee alipangusa uso. "Jana upepo ulikuwa mubaya. Nilisikia mutumbwi. Niliwasha, niliwasha, giza tu. Nikaingia mu maji, nikapiga kelele. Hawakusikia."

Fabien alichutama mbele yake. "Walirudi?"

"Mutumbwi ilipinduka. Watoto walinyamaza mbio. Mama yao alikawia."

Mpundu alitazama maji, si uso wa Fabien.

"Alikuwa anaita jina yako."