Mpira Dirishani

Nje hatukuwa na bomba, kwa hiyo nilichomeka mpira kwenye bomba la bafu la mama mkwe, nikaupitisha dirishani mwa chumba chake hadi kwenye bilinganya zangu. Dirisha halikufungika tena. Nilijiambia ni siku mbili tatu tu, ikapita miezi miwili.

Leo asubuhi nilimpelekea chai, nikamkuta anakohoa hadi machozi yanamtoka. Pengo la dirisha alikuwa ameliziba kwa sweta lake la pekee, nalo limelowa chapachapa kwa maji yaliyovuja mpirani.

“Mama, mbona hukusema?”

“Ningesemaje, mwanangu? Kila ukimwagilia unaimba.”

Nikauchomoa mpira, nikafunga dirisha, kisha nikakaa kitandani kwake nikiwa nimempa mgongo, nikiona haya kumtazama.