Uji wa Tabibu wa Mfalme

Mwalimu mkuu, mama mcheshi, aliingia katika ofisi ya naibu wake, Masinde, akiwa na uji katika chupa ya chai na kikombe.

"Mwalimu, nimemaliza kile kitabu chako cha wafalme wa kale," alisema. "Ati tabibu wao alituliza tumbo kwa uji wa wimbi! Nikakumbuka vidonda vyako."

Masinde aliujua ukurasa huo. Lakini kilichomkolea yeye ni nusu ya pili ya kitabu, ile ya fitina za jumba la mfalme. Jumatatu alikuwa ametoka Kitale hadi Bungoma kuwatumia wakubwa wa elimu barua isiyo na jina, muhuri wa posta ya Kitale usije ukamsaliti. Ndani aliandika kwamba mama huyu anauza mahindi ya wanafunzi.

Mama alimimina uji, akapiga funda moja, akacheka. "Si kwa mfalme lazima mtu aonje kwanza? Kunywa bana, hakuna sumu."

Alama ya mdomo wake ilibaki ukingoni mwa kikombe. Masinde alikishika kwa mikono miwili, masikio yakiwaka moto.

"Mbona hunywi?"

"Madam," alisema bila kuinua macho, "kuna barua ya kukuharibia imeenda kwa wakubwa. Ni mimi niliandika."

Mama aliendelea kutabasamu, akingoja amalizie mzaha.