Wimbo Uliobaki Kituoni

Ukisoma au kuimba utungo wowote kwenye jukwaa la kituo cha utamaduni cha chuo kikuu, utungo huo hubaki huko. Ukivuka mlango kutoka, umeshakutoka kichwani. Mishi alilijua hilo, ila sifa zilimlevya, akaimba wimbo wa kubembelezea watoto aliourithi kwa bibi yake. Ukumbi mzima ulisimama kwa makofi.

Adhuhuri, nyumbani, mwanawe mchanga alikuwa akilia. Mishi akampakata, akafumbua kinywa. Halikuja hata neno.

“Mama, nimwimbie mimi?” akauliza Rukia, binti yake wa miaka saba, akaanza kuimba bila kukosea.

Mtoto akalala. Mishi akabaki anausikiliza kama wimbo wa watu wengine, huku akijaribu kuudaka.

“Huuhuu ndio nitakaouimba kituoni Ijumaa,” Rukia akamnong’oneza. “Mwalimu kanichagua.”