Mnyoosha-Njia

Kitendawili, wajukuu zangu: nyumba ina milango miwili, ila wageni wote huingia kwa mmoja. Mmeshindwa? Haya, nipeni mji.

Bi Mwanasha aliuacha wazi mlango wa uani kwa ajili ya bintiye Rukia, maana barazani alikaa baba mtu, Mzee Shali, aliyeapa kumrudisha kwa mume aliyemvunja mkono. Lakini kila gari siku hizi huongozwa na Mnyoosha-Njia, mtambo usioonekana, na tangu asubuhi ya siku hiyo umeamua kila nyumba ina njia moja tu, ya mlango wa mbele.

Simu ikalia; ni Rukia, yumo garini. "Mama, nimeliambia uani, linaelekea barazani!"

"Shuka, mwanangu!"

"Halifunguki! Mama, baba yupo?"

Gari likasimama mbele ya baraza, mlango ukafunguka wenyewe, Rukia bado anauliza.

"Nipo, mwanangu," akajibu Mzee Shali, akivaa kofia. "Sogea nikae, twende kwa mumeo."